Siagi Nje ya Friji: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Baridi na za Joto

Nyumbani kwetu Lushoto siagi haikujua friji. Mama aliiweka kwenye bakuli la udongo juu ya kabati, akaifunika kwa sahani, na asubuhi ilipakika bila kubomoa mkate. Wiki ikipita bakuli linaisha, linaoshwa, linajazwa tena. Nilipohamia Dar es Salaam nikafanya vilevile. Ilikuwa Februari. Niliporudi saa tisa alasiri nilikuta mafuta ya njano juu, maji meupe chini, na sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani. Siagi ilikuwa ya aina ileile, na bakuli ni lile la mama. Kilichobadilika ni hewa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama siagi inaweza kukaa nje ya friji bila madhara, namuuliza kwanza anakaa wapi. Ushauri mwingi tunaousoma unatoka Ulaya na Marekani, na huko wakisema "joto la kawaida la chumba" wanamaanisha nyuzi 20 au 21 za Sentigredi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema siagi ni salama ikikaa nje, ila itolewe ile tu itakayoliwa ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu ikikaa zaidi ladha huharibika. Kwa Lushoto, Njombe au Limuru ushauri huo unafaa karibu kama ulivyo. Kwa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar, ambako mchana wa kaskazi hufika nyuzi 31 au 32 na usiku haupoi sana, lazima upimwe upya.

Hakikisha kwanza kwamba ni siagi

Wengi wetu tunaita siagi kila kinachopakwa kwenye mkate. Kopo la Blue Band ni majarini, kitu kingine kabisa. Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès ili watu wapate mbadala wa siagi wa bei nafuu, na ya siku hizi hutengenezwa hasa kwa mafuta ya mimea. Ndiyo maana unaikuta kwenye rafu ya duka la mtaani, karibu na sabuni na unga, wala haijayeyuka. Kwa majarini fuata maelezo ya kopo. Mwongozo huu si wake.

Geuza pakiti usome viungo. Ukikuta krimu ya maziwa, pengine na chumvi, hiyo ni siagi. Ukikuta mawese, alizeti au soya, ni majarini au mchanganyiko wa vyote viwili. Angalia pia kama ina chumvi au haina, maana hilo litaamua mambo mengi huko mbele.

Kwa nini siagi haichachi haraka kama maziwa

Ukilielewa hili, hutahitaji kukariri kanuni yoyote.

Siagi ni mafuta kwa asilimia 80 au zaidi, na maji yake hayazidi asilimia 16. Bakteria hawaishi ndani ya mafuta, wanahitaji maji. Maji yaliyomo kwenye siagi yametawanyika katika matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, kila tone limezingirwa na mafuta. Bakteria akinaswa ndani ya tone, chakula chake ni kile kilichomo humo tu, na hana pa kwenda.

Sasa ongeza chumvi. Tuseme siagi ina gramu 2 za chumvi katika kila gramu 100. Inaonekana kidogo, lakini chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo yote inaingia kwenye zile gramu 16 za maji. Piga hesabu: yanakuwa maji yenye chumvi ya asilimia 11. Maji ya bahari yana asilimia 3.5 hivi. Ndani ya siagi yenye chumvi, basi, bakteria anaogelea katika maji yenye chumvi mara tatu ya bahari anayorukia kijana pale Forodhani. Wengi hawawezi kuzaliana humo. Na ikiwa maziwa yalichemshwa kiwandani kuua vijidudu, waliobaki ni wachache tangu mwanzo.

Ulinzi huu una sharti moja: matone yabaki matone. Siagi huyeyuka kabisa ikifika nyuzi 32 hadi 35, na kabla ya hapo tayari imelegea vibaya. Ikiyeyuka, matone yanaungana na maji yanashuka chini yakiwa na protini na sukari ya maziwa. Kwa bakteria, hayo yaliyo chini ya bakuli ni maziwa mepesi. Kama hayana chumvi, yanachacha upesi. Na ukiigandisha tena siagi iliyoyeyuka, hairudi ilivyokuwa. Inakuwa na chembechembe, na maji yanabaki pembeni.

Kuna adui wa pili ambaye hana uhusiano na vijidudu: hewa. Oksijeni, mwanga na joto huvunja mafuta taratibu, na kugusana na shaba au chuma huharakisha. Hapo ndipo siagi inapotoa harufu ya rangi ya mafuta au ya kopo la mafuta ya kupikia lililosahauliwa. Mafuta yakivunjika kwa njia nyingine hutoa asidi ya butiriki, na harufu yake unaijua kama umewahi kulea mtoto anayecheua. Siagi iliyochacha namna hii kwa kawaida haikulazi hospitali, lakini itakuharibia keki ya harusi nzima, na mimi siili.

Pima joto la jiko lako

Usikisie. Nunua kipimajoto cha ukutani, kiweke mahali hasa unapotaka bakuli likae, ukisome saa nane mchana kwa siku tatu. Saa mbili asubuhi jiko lolote linaonekana la baridi.

Huna kipimajoto? Mtu wa pwani anacho bila kujua: chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta halisi ya nazi huganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Iweke chupa palepale pa siagi. Ikiwa saa nane mchana mafuta bado ni meupe na magumu, uko chini ya 24. Yakiwa maji angavu, umeshapita, na siagi yako iko hatarini.

Baada ya hapo, mimi ninaamua hivi, na ninazungumzia siagi ya kiwandani, iliyofunikwa vizuri. Chini ya nyuzi 21, siagi yenye chumvi naiacha nje hadi wiki moja, ingawa kwa watoto wangu sivuki siku nne. Isiyo na chumvi siku mbili, basi. Kati ya 21 na 25, yenye chumvi siku moja au mbili. Isiyo na chumvi inarudi friji usiku. Juu ya 25 natoa ya mlo mmoja tu. Juu ya 30 siagi inatoka chai ikiwa tayari mezani na inarudi kabla vyombo havijaoshwa. Najua kuna wanaoniona mkali. Lakini wao hawajaiona siagi ya Februari.

Siagi zisizokaa nje hata kwenye baridi ya Lushoto

Siagi iliyosukwa nyumbani kwa maziwa mabichi. Ni tamu, nimekulia nayo, na naiheshimu kazi ya wanaoisuka. Lakini maziwa ambayo hayakuchemshwa yanaweza kubeba vijidudu vya bruselosisi na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuisuka krimu hakuviui. Kama ndiyo uliyonayo, ipike iwe samli. Nitaeleza namna.

Siagi yenye kitunguu saumu au majani mabichi, ile ya kupaka kwenye mkate wa kuoka au samaki wa kuchoma. Kitunguu saumu hutoka ardhini na kinaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulinamu. Ukikizamisha ndani ya mafuta, mahali pasipo hewa wala uchachu, kisha ukakiacha kwenye joto, umempa bakteria huyo anachokitaka. Sumu yake hupooza misuli, hata ya kupumulia, na haina lazima ya kunuka. Tengeneza ya kutosha siku hiyo, inayobaki iende friji au friza mara moja.

Siagi iliyopigwa na maziwa au asali mpaka ikawa kama povu nayo ni ya friji.

Halafu kuna nyumba zenye mjamzito, mtoto mchanga, mzee, au mtu ambaye kinga yake iko chini. Kule Finland, kati ya mwaka 1998 na 1999, watu 25 waliugua kwa bakteria wa Listeria waliopatikana kwenye siagi, na 6 wakafariki. Wengi wao walikuwa wagonjwa tayari. Siagi ile ilitengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, na Listeria huweza kukua hata ndani ya friji. Kwa hiyo friji haisafishi siagi iliyochafuka. Kwa watu hawa nunua pakiti iliyofungwa vizuri, angalia tarehe, ifungue, itumie mapema, na usiiache mezani hata kama umande unaanguka nje.

Namna ya kuiweka mezani

Anza na pakiti ikiwa bado baridi. Ya gramu 250 naigawa vipande vinane, kila kimoja gramu 30 hivi, nafunga kimoja kimoja kwa karatasi yake. Vinne vinakaa friji, vinne friza. Friji iwe chini ya nyuzi 5, na vipande viwe ndani ya chombo chenye kifuniko, kwa sababu siagi hunyonya harufu haraka mno. Ukiiweka wazi karibu na dagaa au nusu ya kitunguu, utapaka dagaa kwenye mkate.

Bakuli liwe la kauri, au la udongo uliochomwa na kung'arishwa ndani. Kioo kinafaa kikikaa mbali na jua. Usitumie bakuli la shaba hata kama ni zuri la urithi. Kifuniko ni lazima, kwa ajili ya mwanga, hewa na mende.

Kisha kisu. Hapa naomba nisikilizwe, maana nimeona siagi nyingi zikiharibiwa na kisu kuliko jua. Mtu anapaka mkate, kisu kinabeba makombo, kinapita kwenye jamu, kinarudi ndani ya bakuli. Makombo yanaleta mbegu za ukungu, jamu inaleta sukari na maji, na maji hayo yako juu ya siagi, nje ya yale matone yaliyozingirwa na mafuta. Ulinzi wote niliousimulia hauyahusu. Weka kisu cha siagi peke yake, kikavu, kila mtu ajikatie aweke kando ya sahani yake, apake kwa kisu chake. Watoto wanafundishika kwa siku tatu.

Bakuli likae mbali na jiko, dirisha lenye jua, na juu ya friji pia, maana friji nyingi hutoa joto. Kwa sisimizi, weka bakuli katikati ya sahani pana yenye maji kidogo, hawavuki. Badilisha maji kila siku mbu wasipate pa kutagia.

Na usiongeze siagi mpya juu ya masalio ya zamani. Maliza, osha kwa sabuni na maji ya moto, kausha kabisa, ndipo ujaze. Tone la maji lililobaki chini ya bakuli linatosha kuanzisha ukungu.

Wafaransa wana chombo kizuri: siagi inajazwa kwenye kikombe, kikombe kinageuzwa na kuingizwa kwenye gudulia lenye maji, maji yanaizuia hewa. Kwa jiko la baridi, maji yakibadilishwa mara kwa mara, kinafaa. Pwani siagi inalegea na kudondoka majini. Usitupe pesa.

Umeme ukikatika, au kama huna friji

Wakati wa mgao watu huanza kuihangaikia siagi huku nyama ikiharibika. Friji iliyofungwa hubaki na ubaridi kwa saa nne hivi usipoifungua fungua. Zikipita hizo, kinachotakiwa kuondoka ni nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa. Siagi ya pakiti ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kubaki, ilimradi haijayeyuka ikatengana. Ukiwa na deli, tia barafu na uifunge siagi ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Asiye na friji na anaishi penye hewa kavu, mfano Dodoma au Garissa, anaweza kutumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga ukilowanishwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ndiye aliyevisambaza vyungu vya namna hii kaskazini mwa nchi yake kuanzia miaka ya 1990. Ni kazi ileile ya mtungi wa maji: maji yanapenya udongo, yanakauka, yanaondoka na joto. Hapa Dar nimejaribu, na katika hewa yetu yenye unyevu maji hayakauki vya kutosha. Chungu kilipoa kidogo tu.

Kulainisha siagi ya keki

Wapishi wa keki huniuliza hili kuliko yote. Kitabu kinasema toa siagi friji saa nzima kabla. Kwa nyuzi 20 ni sawa. Kwa nyuzi 31 saa nzima inakupa uji wa mafuta, na ukipiga na sukari haishiki hewa, keki inakuwa nzito na ina mafuta chini. Unataka siagi ya nyuzi 18 hadi 21. Ikate vipande vidogo kama vya sukari guru ya kutafuna, itandaze kwenye sahani, dakika kumi zinatosha pwani. Bonyeza kwa kidole: kidole kiache shimo lakini kisizame, na siagi isiwe na mng'ao wa mafuta. Ikianza kung'aa, rudisha friji dakika tano.

Kujua imeharibika

Kata kipande. Kama nje ni njano iliyokolea na ndani imepauka, hewa imeshaanza kazi. Kwangua ile ya nje, nusa ya ndani. Ikiwa na harufu tamu ya maziwa, tumia leo kwa kupikia. Ikinuka mafuta ya zamani, rangi, jibini ambayo hukuitarajia, au matapishi, tupa. Ukiona ukungu, hata doa moja la kijani, tupa yote. Kwenye kitu laini nyuzi za ukungu huenda mbali kuliko doa linavyoonyesha. Na usionje ile yenye kitunguu saumu ili kuhakikisha.

Samli, jibu la pwani

Kama jiko lako ni la nyuzi 30 na unataka mafuta ya maziwa yakae kabatini, toa maji. Hakuna maji, hakuna matone ya kulinda. Wapishi wa Unguja, wafugaji wa Ankole na watu wa Oman, ambao kwao inaitwa samn, wote wanaishi na samli. Joto la kuipika pia huua vile vijidudu vya maziwa mabichi.

Chukua gramu 500 za siagi, isiyo na chumvi kama unayo. Tia kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Itayeyuka, itatoa povu jeupe, kisha itaanza kutatarika: hayo ni maji yanayoondoka. Usifunike, mvuke ukifunikwa unarudi ndani. Engua povu kwa kijiko. Baada ya dakika 20 hadi 30 sikiliza vizuri. Mlio unapungua, mapovu yanakuwa madogo na angavu, chini kuna mashapo yanayobadilika kuwa ya kahawia, na jiko linanukia kama karanga za kukaanga. Sufuria ikinyamaza, zima hapohapo. Dakika mbili zaidi na mashapo yanaungua, samli inakuwa chungu.

Usiondoke jikoni katika dakika hizo. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike sufuria kwa kifuniko, usimwage maji kamwe.

Acha ipoe kiasi, ichuje kwa kitambaa safi cha pamba kwenye chupa ya kioo iliyooshwa na kukaushwa juani mpaka haina hata unyevu. Utapata chini kidogo ya gramu 400. Funga ikishapoa kabisa, la sivyo mvuke utatonesha maji juu yake. Chota kwa kijiko kikavu kila mara. Mahali penye kivuli yangu hukaa miezi mitatu bila kubadilika. Wakati wa kaskazi nusu yake huyeyuka na nusu huwa chembechembe, na hiyo ndiyo hali yake, haijaharibika.

Yale mashapo ya kahawia kwenye kitambaa usiyatupe. Kama siagi haikuwa na chumvi, changanya na sukari kidogo uyapake kwenye mkate yangali moto. Kama ilikuwa nayo, chumvi yote imebaki humo, kwa hiyo yatie kwenye wali, na upunguze chumvi ya sufuria.